Kifo naye hutishwa

Kuna mwandishi aliyeandika kwamba mashairi msibani yanatonesha kidonda tu, afadhali watu wakae kimya. Samahani ndugu, hapo umeteleza. Kwetu Waacholi, watu wa kaskazini mwa Uganda, zipo nyimbo za kilio ambamo mfiwa hamwombi Kifo huruma, anamtisha: ningejua nyumbani kwa mama yako, ningewasha mwenge wa nyasi nikateketeza kila kitu! Mshairi wetu Okot p'Bitek alizikusanya nyimbo hizi akazitoa kitabuni mwaka 1974. Alipofariki 1982 ikawa zamu yake kuliliwa.

Mama yangu alipokufa, hapa Gulu, shangazi hakutoa chozi siku mbili. Tuliogopa. Siku ya tatu akachukua nusu kibuyu, akaanza kukipiga na kuimba maneno aliyoyatunga papo hapo. Si sifa za kanisani, la! Aliimba jinsi wifi yake alivyokuwa mchoyo wa chumvi, na alivyoonja mchuzi wa simsim kwa kidole mara tano kabla haujaiva, kisha akawasingizia watoto. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mjukuu wa miaka minne akaingia katikati kucheza, kavaa gambuti moja tu. Hapo ndipo shangazi alipolia, na wimbo hakuukatiza.

Jioni ile alikula, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kimya tulikuwa nacho siku mbili nzima, ndugu mwandishi. Hakikumpa hata hamu ya uji.