Laptopu Nyepesi, Masharti Mazito

Laptopu yangu haizidi sana kilo moja, na hiyo ndiyo sifa yake pekee ambayo sijawahi kusikia mtu akiibishia. Naitia mkobani pamoja na chaja yake, nautundika mkoba begani, nasahau kabisa kwamba nimebeba kompyuta. Tatizo ni kwamba nikiifungua na kuiwasha, yenyewe nayo huwa imesahau kwamba ni kompyuta.

Muuzaji alinihakikishia kuwa "inatosha kwa matumizi ya kawaida." Tangu siku hiyo najiuliza ni nani hasa mwenye matumizi hayo ya kawaida, maana mimi huandika barua, husoma barua pepe, hulipia bili na kujaza fomu za safari, na kila mara mashine hii huhema kana kwamba nimeiagiza itabiri hali ya hewa ya dunia nzima. Windows 11, mfumo unaoiendesha, inataka angalau RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, na mtengenezaji wa laptopu yangu, kwa uadilifu wa kutisha, alinipa RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, hakupunguza wala hakuongeza. Hicho ni kima cha chini, na yeyote aliyewahi kulipwa mshahara wa kima cha chini anajua kwamba unatosha kabisa mpaka siku unapoanza kuutumia.

Hata hizo GB 64 ni za kwenye boksi tu. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huhesabu baiti 1,073,741,824, kwa hiyo kabla sijagusa kitu zilikuwa zimeshashuka hadi 59 na ushei, na sehemu nzuri ya hizo ilikuwa mikononi mwa mfumo wenyewe. Basi kila linapofika sasisho kubwa hutokea tangazo kwamba nafasi haitoshi, nami hukaa kitako na kuanza kufukuza: picha kwanza, muziki baadaye, kisha programu nilizokuwa nazipenda, mpaka mwisho nabaki na kompyuta iliyosasishwa vizuri, iliyokingwa dhidi ya kila hatari, na isiyo na kitu chochote cha kulindwa.

Mtu ataniambia niongeze diski. Fundi alizifungua skurubu za chini, akachungulia, akafunga. Hifadhi ni eMMC, yaani chipu ya aina iliyozoeleka kwenye simu, nayo imechomelewa kwenye bodi kuu pamoja na RAM, kwa hiyo hakuna cha kuchomoa wala cha kuchomeka. Alinishauri ninunue memori kadi, ambayo sasa imebeba nyaraka zangu zote, na kwa kuwa haifikii ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nikiwa safarini huipapasa kila baada ya muda kuhakikisha kwamba haijaponyoka.

Lakini la intaneti ndilo linalonichosha zaidi. Nikifungua ukurasa wa tiketi, mwingine wa hoteli na wa tatu wa ramani, ule wa kwanza hutupwa nje ya RAM, na nikiurudia huanza kujipakia upya, huku fomu niliyokwisha kuijaza hadi jina la kati na namba ya pasipoti ikinitazama ikiwa tupu. Siku hizi mambo yote nayaandika kwanza kwenye karatasi, kwa kalamu, kisha ndipo nafungua kompyuta. Na aliyesanifu kibodi aliona vyema kitufe cha kuzimia kikae jirani kabisa na kile cha kufutia, hivi kwamba nikikusudia kufuta koma moja, naweza kuilaza mashine nzima.

Skrini ni ya inchi 11.6, na ni ya zile za bei nafuu ambazo ukiziinamisha kidogo tu, sura za watu hugeuka rangi. Hapo sina lawama kubwa, kwani abiria wa kiti cha pembeni mwenye tabia ya kusoma barua za wenzake huambulia kiza.

Wenye laptopu kubwa hunicheka, nami huwaacha wacheke mpaka tunapofika uwanja wa ndege. Prosesa yangu imeundwa kwa matumizi ya wati 6 hivi, haina hata feni, kwa hiyo betri ya wati-saa (Wh) 38 hunitosha safari nzima, ilhali wao, ambao baadhi yao wamebeba betri za Wh 99 ili tu wasivuke kikomo cha Wh 100 kinachoruhusiwa ndani ya ndege bila kuomba idhini, huwa wamechuchumaa ukutani wakigombania soketi. Kisha mmoja wao hunijia na flashi, akiniomba kwa upole nimfungulie faili moja tu. Laptopu yangu ina tundu moja la USB la kawaida, nalo limekaliwa na kipanya. Nachomoa kipanya, nachomeka flashi, faili lake la GB 3 linaanza kufunguka, nasi tunakaa pale kwa adabu tukiangalia kiduara kikizunguka, mpaka wanapotangaza ndege yake.