Seva Tele, Mbio Hakuna

Mtu akisikia kwamba mimi hucheza mbio za magari mtandaoni, hudhani kwamba jioni zangu hupita kwa mwendo wa kasi. Laiti angejua! Sehemu kubwa ya jioni hizo naimaliza nikisoma orodha ya seva, zile kompyuta za mbali ambamo mbio hizo huendeshwa, orodha ambayo ni ndefu, ina safu nyingi, inajijaza upya kila ninapoanza kuielewa, na hadi sasa haijawahi kunieleza jambo moja ninalolihitaji.

Mchezo wenyewe ulikuja na orodha yake, nami siwezi kuisifu hata nikipewa rushwa. Ilifunguka kwa kujikongoja, na ulipokuwa umeshaiona seva uliyoitaka na kidole kimeshaanza kushuka juu ya kipanya, majina mapya yaliingia kwa juu, safu zote zikasogea chini, nawe ukajikuta unapakia uwanja usioujua kwa gari usilolipenda. Ndipo wajuzi waliponishauri niachane nayo nipakue programu iliyotengenezwa na wachezaji wenyewe, watu waliochoka kulalamika wakaamua kuandika ya kwao. Desturi hii ina umri wake. Mwaka 1996 wachezaji wa Quake, mchezo wa kufyatuliana risasi, walikuwa na programu ya QSpy ya kuwatafutia seva, nayo ndiyo iliyokua ikawa GameSpy, huduma iliyobeba michezo mingi hadi ilipozimwa mwaka 2014 na kuiacha baadhi ya michezo hiyo bila pa kuulizia. Kwa hiyo watu wana miongo kadhaa ya uzoefu wa kutafutiana seva, na bado mimi leo hii sina pa kukimbiza gari.

Nikiri kwamba programu yenyewe ina bidii. Huchukua anwani kutoka kwenye seva kuu, ile inayotunza anwani za nyingine zote, kisha hupiga hodi kwa kila mwenye anwani na kumuuliza kama yu hai, ana uwanja gani, ana magari gani, watu wangapi wamo ndani na muda wa kipindi uliobaki ni kiasi gani, na hupima pia jibu limechukua milisekunde ngapi kurudi. Tatizo ni hao wanaojibu. Wenye seva wamegundua kwamba majina yakipangwa kwa herufi, alama ya mshangao hutangulia A, hivyo sehemu nzima ya juu imejaa watu wanaopiga kelele kwa maandishi, kila mmoja akitangaza mbio safi, waungwana pekee, wasiojua kuendesha wasijisumbue. Ukishuka chini zaidi unakuta seva tulivu zenye majina ya kistaarabu na viwanja vya kuvutia, ambazo hazina mtu hata mmoja. Hazina mtu kwa sababu kila anayeziona anaona sifuri, naye haingii mahali penye sifuri, hivyo sifuri inabaki palepale kumsubiri anayefuata aione naye apite. Mimi pia hupita. Siwezi kukaa peke yangu kwenye mstari wa kuanzia nikisubiri watu ambao nao wanasubiri mimi nipate mwenzangu.

Basi nikaamua kutumia vichujio, kwa kuwa programu inavyo vya kila namna. Nikaondoa seva zilizo tupu, zilizojaa, zenye nenosiri na zile zinazodai viwanja ambavyo sijavipakua. Nikaondoa pia zote zenye pingi, yaani ule muda wa jibu kurudi, inayozidi milisekunde 100, kwa sababu hapo sina utani. Gari linalokwenda kilomita 250 kwa saa hupita karibu mita 7 katika milisekunde 100, yaani urefu unaozidi gari zima, hivyo mpinzani ninayemwona pembeni yangu huenda kwa kweli ameshanipita, na kile ninachokigonga ni habari za zamani. Wala hakuna fundi wa kumlaumu, kwani mwanga ndani ya nyuzi za kebo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, na seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 haiwezi kujibu chini ya milisekunde 100 hata ikipenda. Nilipomaliza kuchuja kwa uangalifu wote huo, orodha ilikuwa nyeupe pe. Programu ikaniarifu kwa adabu kwamba hakuna seva inayolingana na matakwa yangu, kana kwamba matakwa yangu ni makubwa.

Nikalegeza kamba. Seva ikajitokeza yenye watu 17 kati ya 24, na mtu mwenye akili timamu angesema kuna nafasi saba. Zipo, isipokuwa kila nafasi imefungwa kwa gari lake, na magari yote yanayoweza kushindana yameshachukuliwa, yakabaki yale ambayo mwenye seva aliyaweka kwa sababu anazozijua mwenyewe. Seva iliyofuata ilikuwa na gari nililolitaka. Nikabonyeza, nikangoja uwanja upakie, nikaona eneo la mafundi, nikashika usukani, na hapo hapo nikatupwa nje kwa ujumbe kwamba faili langu moja halilingani na la seva. Yaani seva hulinganisha mafaili yetu ili asiingie mtu aliyejiongezea nguvu za injini kwa siri, jambo ambalo naliunga mkono kabisa. Ninachouliza ni kwa nini nisiambiwe kabla ya kupakia, na kwa nini toleo la uwanja nililolipakua kwa kutumia kiungo walichokiweka wenyewe liwe si lile wanalolitumia wenyewe.

Hatimaye nilipata. Uwanja ni Monza, pingi nzuri, gari sahihi, faili halina ubishi, na jina la seva limeahidi waungwana. Asiyeijua Monza aelewe kwamba baada ya mstari wa kuanzia kuna barabara ndefu iliyonyooka, ambayo huishia kwenye kona mbili za kubana zinazofuatana, kulia kisha kushoto, na kila dereva hulazimika kushuka kutoka kasi yake ya juu hadi mwendo wa kutambaa. Waungwana hawakushuka. Wa nyuma kabisa walikuja na kasi yao yote, wakaamini kwamba magari yaliyo mbele ndiyo breki, na nilipoangalia kioo niliona taa tu, kisha mbingu, kisha nyasi, kisha gari langu likielekea nilikotoka likiwa limepoteza bawa la nyuma. Ndipo dirisha la maandishi likajaa watu wanaodaiana radhi, na aliyenigonga akaandika kwamba pingi yangu ni mbaya. Pingi niliyoichuja kwa mkono wangu!

Sasa ninawaomba walioandika programu hii, ambao najua wanafanya kazi hiyo kwa kupenda tu na hawanidai kitu, waongeze safu moja. Wananionyesha joto la hewa, joto la lami, kama gari litasaidiwa kutoteleza na kama matairi yatatiwa joto kabla ya kuanza, mambo ambayo yana faida kwa mtu atakayefika kona ya pili. Mimi naomba safu inayoonyesha ni wangapi kati ya waliomo wamewahi kufunga breki kwenye kona ya kwanza. Wakiiweka, hizo nyingine zote wanaweza kuzifuta, na alama za mshangao wawaachie wenyewe.