Simu Ilinikana Siku ya Kuvunja Kikoba

Kwanza niseme hivi: krimu haikuwa feki. Wanakikoba wenzangu wa Tabata wakiisimulia habari hii huanza na "alinunua vitu vya ovyo Kariakoo", na mimi huwakatiza hapohapo. Nilinunua kitu halali, chenye boksi, chenye orodha ya viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi, hadi kile kialama cha kopo lililofunuliwa kilichoandikwa 6M, maana yake ukishaifungua uimalize ndani ya miezi sita. Feki ningeijua. Iliyoniponza mimi ni krimu inayofanya kazi.

Chanzo chake ni moshi. Mimi ni mama lishe. Asubuhi nakunja macho mbele ya jiko la mkaa, mchana nakunja macho kwa jua, na makunyanzi yakaja kujipanga pembeni mwa macho bila hata kubisha hodi. Sikuwa na habari nayo mpaka siku kijana mmoja wa bodaboda, mwanaume mzima mwenye ndevu, aliponiambia, "Bibi, nipe wali maharage, weka na kachumbari."

Bibi! Mimi wa miaka 42!

Wali nilimpa. Kachumbari sikumpa.

Kesho yake nikashuka Kariakoo, Mtaa wa Congo, kwenye duka moja la vipodozi. Muuzaji alikuwa kijana wa kiume mwenye uso kama yai la kuchemsha lililomenywa. Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akaguna. "Mama, mwili wako bado mbichi kabisa. Kinachokuangusha ni macho."

Akaanza kwa kunitolea kikopo kisicho na maandishi. "Hii siku tatu tu, mama, unakuwa mwingine."

Nina jirani aliyewahi kuwa mwingine kwa siku tatu. Mashavu mekundu, vifundo vya vidole vyeusi, na jua likimpiga anakimbilia kivulini. Zebaki na haidrokwinoni, zile za kujichubua, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, hilo nalijua, na tangu 2019 wanaosimamia vipodozi ni TBS, Shirika la Viwango, hilo nalo nalijua. Nikakaza sauti kama niliyetumwa: "Hii imesajiliwa?" Kikopo kikarudi chini ya meza. Kuanzia hapo kijana akaniheshimu, akaleta vyenye lebo.

Kulikuwa na ya kafeini, ya kupunguza uvimbe wa asubuhi. Kulikuwa na ya asidi ya hayaluroniki, inayovuta maji kwenye ngozi ili mikunjo ijae jae kidogo. Na kulikuwa na ya retinoli, ghali kuliko zote. Nikazipiga picha, nikamtumia binti wa kaka yangu anayesoma famasia Dodoma. Mtoto ana adabu, alinijibu papo hapo, ila kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nikauweka sikioni katikati ya wasukuma mikokoteni na matangazo ya spika.

"Shikamoo shangazi. Kati ya hizo, yenye ushahidi mzuri kwa makunyanzi ni retinoli. Ni jamii ya vitamini A, inaisaidia ngozi itengeneze kolajeni..."

Hapo nikazima. Jina la dawa nimeshalipata, dakika zilizobaki za nini? Kwa dakika nne mimi naipua chipsi mayai.

Retinoli alianzia 50,000, nikamshusha hadi 35,000. Alipoona nimelegea akaniongezea tona, maji ya kupangusia uso, yenye asidi ya glaikoliki kwa 15,000. "Hii inafungua njia, mama, ili krimu ipenye." Nikaona mantiki.

Usiku ule nikajipaka kwa ukarimu: chini ya jicho, pembeni, juu ya kope, na kwa kuwa bado ilikuwepo kidoleni, hadi kwenye nyusi. Ikawasha. Nikasema naam, imeanza kazi. Usiku uliofuata tena, na tena. Ngozi ikaanza kubanduka vipande vidogo vidogo. Mume wangu akauliza kama nimeungua na mafuta ya maandazi. Nikamwambia hiyo ni ngozi ya zamani inahama. Na kweli ilikuwa inahama.

Sasa, jioni ya kuamkia Jumapili ya kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba yetu, na kwa vile siku hiyo tunavaa sare ya kitenge na kupiga picha za mwaka, nikaona nimalizie vizuri. Tona mara mbili, krimu tabaka nene, nikalala chali nisiifute na mto.

Asubuhi niliamka lakini macho hayakuamka. Kope zilikuwa zimevimba hadi zikakutana, nyekundu, zinawaka. Nikisukuma la kushoto kwa kidole nilipata mwanya wa kuona miguu yangu, basi. Mume wangu aliniinamia kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Mama watoto, leo nenda na miwani." Akanivalisha ya kijana wetu, nyeusi tii, yenye maandishi ya dhahabu pembeni.

Lazima nieleze jambo moja la kikoba chetu. Hisa zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Lakini mfuko wa jamii, shilingi 1,860,000 za kugawana watu 24, ulikuwa kwenye laini yangu ya simu, maana mhazini ni mimi. Sanduku lina kufuli tatu. Simu yangu ilikuwa na kufuli moja: uso wangu. Binti wa kaka ndiye aliyeniwekea hivyo, kwa sababu alama za vidole vyangu hazisomeki tena kwa kusugua masufuria. Aliniwekea na namba ya akiba, nayo nikaisahau. Haikuwa namba ninayopenda kuitumia.

Mume wangu alinifikisha kwa mwenyekiti na bajaji, akanishika mkono hadi kwenye kiti, akarudi kubeba kreti za soda. Minong'ono nikaisikia vizuri, maana masikio hayakuwa na tatizo.

"Mhazini kaja na miwani."

"Basi pesa hakuna."

"Analia tangu jana. Kaliwa na matapeli wa simu."

Mwenyekiti akafungua kwa dua, akasoma ajenda, akaniita. Nikatoa simu, nikavua miwani nijaribu bahati. Ukumbi mzima: "Yesu!" Upande wa pili: "Subhanallah!" Halafu sauti moja nyembamba kutoka nyuma: "Kapigwa."

Yaani mume wangu maskini ndiyo anaingia mlangoni na kreti. Mtu ambaye kuku wa sikukuu huwa anachinjiwa na jirani kwa sababu anawaonea huruma! Wanawake watatu wakasimama, wakamzunguka, wakimwuliza pesa za watu ziko wapi. Akawaambia, "Ziko kwenye uso." Kwa kweli alikuwa anasema sahihi, ila jinsi ilivyosikika haikutusaidia.

Nikaielekeza simu usoni. Ikakataa. Nikaivuta kope ya kushoto juu kwa vidole viwili. Ikakataa. Katibu akashika ya kulia, mwenyekiti ya kushoto, mwingine akamulika na tochi. Simu ikasema haimjui mtu huyu, weka namba. Tukambipu binti wa kaka, tukampigia, hapokei. Tukajaribu namba za kubahatisha hadi simu ikasusa, ikatuambia tusubiri sekunde 30 kwanza.

Aliyetuokoa ni mama muuza vitumbua, mwanachama asiyesemaga kitu mwaka mzima. Akavua hereni yake, akatoboa kile kitundu cha pembeni, laini ikachomoka. Akaibandika kwenye kitochi chake, kile kisimu kidogo cha kawaida. Pesa zipo kwenye laini, si kwenye simu! Namba ya siri ya pesa naikumbuka hata usingizini, na kitochi kina vitufe. Nikakificha chini ya kitenge, nikakitafuta kile kidutu kilichoko juu ya tano, nikabonyeza kwa kupapasa. Katibu akasoma salio kwa sauti: 1,860,000, na chenji ya kwangu mwenyewe. Watu wakapiga vigelegele. Wale watatu wakampokea mume wangu kreti.

Tulikuwa tumefika mtu wa tisa, kila mmoja 77,500 yake, kitochi kikaita. Spika ya kitochi mnaijua, haina siri.

"Shikamoo shangazi! Nimekuta simu nyingi, kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Macho yamevimba."

"Ile krimu umepaka kila siku?"

"Kwani dawa hupakwa kila mwezi?"

"Shangazi! Nilisema kwa kuanzia mara mbili kwa wiki, usiku, kiasi cha punje ya choroko, tena kwenye mfupa wa chini ya jicho. Kope usiziguse! Na usichanganye na tona ya asidi! Hukusikiliza ile sauti?"

"Hakusikiliza," akajibu katibu kwa niaba yangu.

Akaendelea mbele ya kikao kizima. Acha zote. Osha kwa maji matupu, weka kitambaa cha baridi, halafu vaselini ya kawaida. Ukianza kuona ukungu, hospitali leoleo. Ngozi ikipona, asubuhi usitoke bila ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, maana kinachokunja hayo macho kwa sehemu kubwa ni jua lenyewe, na retinoli inaifanya ngozi iungue upesi zaidi. Nikasikia watu wanaomba kalamu.

"Na namba ya kufungulia simu ni ipi?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Si mwaka wako wa kuzaliwa, shangazi? Moja, tisa, saba, sita."

Pakawa kimya. Halafu katibu, ambaye ana kitabu chenye miaka ya wanachama wote kama walivyojitajia wenyewe, akasikika akifungua kurasa.

Sijui ningejibu nini, bahati nzuri mwenyekiti alikuwa ameshakumbuka katiba. Simu kuita kikaoni ni faini ya 1,000. Mama wa vitumbua akasema laini si yake, alipe mwenye laini. Nikasema yangu ilikuwa mezani imezimika kimya, kilichoita ni kitochi, na kitochi kina mwenyewe. Wengine wakasema alipe aliyepiga, yuko Dodoma, atumiwe ujumbe. Mjadala huo ulituchukua muda mrefu kuliko kugawa fedha zenyewe, soda zikapata moto. Mwisho tukapiga kura: 500 kwa mwenye kitochi, 500 kwa mwenye laini. Katibu akaandika kwenye muhtasari, na mbele ya jina langu akaongeza kwenye mabano: miaka 49.