Askari anayesahau: apewe mchezo wa kompyuta au kalenda?

Tangu mwaka 2000, zaidi ya wanajeshi 400,000 wa Marekani wamegunduliwa kuwa na jeraha la ubongo. Wengine walilipata kwa mabomu ya kutegwa barabarani Iraq na Afghanistan, wengine mazoezini au kwenye ajali za magari. Mengi huitwa majeraha madogo, na picha ya ubongo mara nyingi haionyeshi kitu. Lakini mwenye jeraha anaingia dukani akiwa ameshasahau alichofuata, au anaacha jiko linawaka. Baadhi yao huambiwa wafanye mazoezi ya kumbukumbu, kama vile michezo ya kompyuta. Wataalamu wanabishana iwapo mazoezi hayo yanarudisha kumbukumbu, au yanamfanya mtu kuwa hodari wa mazoezi yenyewe.

Ubishi huu ni wa zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Alexander Luria, mwanasaikolojia wa Kisovieti, aliongoza hospitali ya askari waliojeruhiwa ubongo katika eneo la Ural, Urusi. Msimamo wake ulikuwa kwamba sehemu ya ubongo iliyokufa hairudi, ila kazi yake inaweza kupitishwa njia nyingine. Oliver Zangwill, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyewahudumia askari kama hao Edinburgh, aliandika mwaka 1947 akitofautisha kufidia uwezo uliopotea, kutumia uwezo mwingine badala yake, na kuufundisha upya moja kwa moja. Michezo ya kompyuta ya leo inadai hilo la tatu, ambalo ndilo gumu kuliko yote.

Wanaoitetea si watu wa kupuuzwa. Mwaka 2021 jarida la Brain lilichapisha utafiti wa watu 83, wanajeshi na maveterani wenye jeraha dogo la ubongo. Waliopewa mazoezi maalumu ya kompyuta, saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 13, walipanda kwenye vipimo vya akili kuliko wenzao waliocheza michezo ya kawaida. Mwandishi wake wa kwanza ndiye mkuu wa kampuni inayouza mazoezi hayo. Hilo halibatilishi matokeo, lakini mimi husoma tafiti za namna hiyo mara mbili. Kuna pia hoja ya umbali: mkongwe wa vita anayeishi shambani Montana anaweza kuwa saa kadhaa kutoka hospitali ya maveterani, na kompyuta anayo mezani. Halafu kuna heshima. Askari amezoea kwata na alama. Mpe zoezi lenye ngazi za kupanda atalishika, ilhali daftari la kuandika "meza dawa" huliona kama tangazo la udhaifu.

Sasa upande wa pili. Katika hospitali ya kijeshi ya San Antonio, Texas, wanajeshi 126 wenye jeraha dogo la ubongo waligawanywa makundi manne kwa wiki sita. Kundi moja lilipewa maelezo tu kuhusu hali yao, moja likafanya mazoezi ya kompyuta peke yao, na mawili yakafundishwa na wataalamu ana kwa ana, moja likiongezewa tiba ya kisaikolojia. Kwenye kipimo cha kusikiliza tarakimu na kujumlisha mbili za mwisho, makundi yote yalipanda, hata lile la maelezo tu. Lakini kwa kero za kusahau katika maisha ya kila siku, waliofundishwa na mtu ndio walioeleza nafuu iliyo wazi zaidi.

Mtaalamu huyo hufundisha nini? Mambo ambayo ukiyaona utasema hata bibi yangu anayajua. Miadi ya daktari wa meno Jumanne saa nne inaingizwa kwenye simu hapo hapo, na kengele mbili: moja usiku wa kuamkia, nyingine saa moja kabla ya kutoka. Funguo na kitambulisho vinakaa bakuli moja mlangoni, si pengine. Jina jipya linatajwa, linaulizwa baada ya nusu dakika, kisha dakika moja, kisha mbili, kisha nne. Likikosewa, mnarudi kwenye muda wa mwisho aliopatia.

Ushahidi wa wazee wa kawaida unachanganya zaidi. Utafiti wa ACTIVE wa Marekani, wenye watu 2,832 wa miaka 65 na zaidi, ulionyesha baada ya miaka kumi kwamba waliofunzwa kufikiri kwa mantiki na kasi ya kutambua mambo bado walikuwa na faida kwenye vipimo hivyo. Faida ya waliofunzwa kumbukumbu ilikuwa imekwisha. Hata hivyo, wao pia waliripoti shida chache katika shughuli za nyumbani kuliko wasiofunzwa chochote. Huwezi kuutumia utafiti huo kuwanyamazisha watu wa upande wowote.

Matangazo ndiyo yaliyoharibu mjadala. Januari 2016 kampuni inayomiliki Lumosity, michezo ya kompyuta ya kunoa ubongo, ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza kesi ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani. Ilidaiwa kuwatangazia watu, pasipo ushahidi wa kutosha, kwamba michezo yake inapunguza madhara ya jeraha la ubongo na hata msongo unaofuata vita. Kwa mkongwe aliyekata tamaa, ahadi hiyo ni kubwa.

Mimi naegemea kalenda na mwalimu, lakini hata kabla ya hapo ningeuliza analalaje. Anayelala saa tatu kwa usiku kwa sababu ya majinamizi, au anayekunywa ili apate usingizi, atasahau hata ukimpa zoezi gani. Mchezo unaweza kuja baadaye, kwa anayeupenda.

Hapa kwetu, waliopigana Vita vya Kagera 1978 na 1979 wengi wamevuka miaka 65, na kusahau kwao huenda kukatokana na uzee au kiharusi zaidi ya mlipuko. Kengele ya simu na bakuli la funguo havihitaji leseni ya mtu. Vinahitaji wa kuvisimamia kila siku, na huyo kwa kawaida ni mke au binti. Mpango wowote wa kuwasaidia wazee hawa usiomfundisha yeye, na usiompa siku ya kupumzika, utakuwa umeacha kazi yote mikononi mwake.