Bili ya maji na majitaka: alipe mtumiaji au mlipakodi?

Wanaotaka mtumiaji abebe gharama zote za maji wana mfano wanaoupenda: Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993 jiji hilo lilikuwa likipoteza takriban asilimia 72 ya maji yake kwa uvujaji, wizi na matumizi yasiyorekodiwa. Chini ya mkurugenzi wake, Ek Sonn Chan, mamlaka ya maji ilifunga mita, ikapandisha bei kwa awamu na kuwakatia maji wasiolipa, wakubwa wakiwemo. Upotevu ukashuka hadi asilimia 6 hivi. Kinachorukwa katika simulizi hii ni kwamba sehemu kubwa ya ukarabati ilitokana na misaada na mikopo nafuu. Bili peke yake haikufufua mtandao ule wa mabomba.

Wa upande wa pili hukumbusha kwamba mwaka 2010 Umoja wa Mataifa uliyatambua maji kuwa haki ya binadamu, hivyo serikali ilipe. Sawa, lakini pampu ikiungua haingoji bajeti ya mwaka ujao. Tena bei ikishushwa kwa wote, anayenufaika kwanza ni mwenye bomba ndani. Asiyeunganishwa anaendelea kununua kwa ndoo, na mara nyingi kila lita humgharimu zaidi. Hata bei ya ngazi, ambapo uniti za mwanzo ni nafuu na zinazofuata ni ghali, huzigeuka familia tano zinazochangia mita moja. Chile imefanya vizuri zaidi: ruzuku hulipa sehemu ya bili ya kaya iliyothibitishwa kuwa na kipato kidogo.

Hata hivyo, ubishi huu huanza kabla ya kujua maji yanaishia wapi. Saa nane usiku watu wamelala. Mita kuu ya mtaa ikizidi kuzunguka kwa kasi, ujue kuna uvujaji. Fundi hupita na fimbo ya chuma, ncha moja kwenye valvu, nyingine sikioni, akisikiliza mvumo wa maji. Kazi hiyo haina hafla ya uzinduzi, na nadhani ndiyo maana haina fungu.

Kwenye majitaka sikubaliani kabisa na kauli ya mtumiaji alipe yote. Anayelipa yuko juu ya mto, anayefaidi yuko chini. Hapo kodi ina kazi yake. Lakini kodi isinunue mtambo usioendesheka. Mitambo mingi ya kisasa hupuliza hewa mchana na usiku ili bakteria wale uchafu. Umeme ukikatwa kwa deni, bakteria hao hufa na majitaka huingia mtoni kama yalivyokuja. Mabwawa ya kutuamisha, ambamo majitaka hutulia na kusafika yenyewe polepole, hula ardhi kubwa, lakini umeme karibu hayaugusi. Penye ardhi, mimi ningechagua mabwawa. Pasipo na ardhi, mkopo usisainiwe hadi ijulikane nani atalipa umeme katika mwaka wa kumi.