Grafiki Nzito Kwenye Mashine Pepe: Tugawane Kadi au Tuikabidhi Nzima?

Umewasha mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi) kwenye Linux, ukaburuta dirisha, likakufuata kwa kujikokota. Wengi wakifika hapo hutafuta mara moja namna ya kumkabidhi mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, kadi nzima ya grafiki. Naona wanaruka hatua.

Ndani ya mgeni wa Linux andika amri glxinfo -B, usome mstari wa "OpenGL renderer", unaotaja nani anachora (OpenGL ni lugha ya programu ya kuagiza michoro). Ukikuta llvmpipe, kadi haijaguswa. Kila pikseli inachorwa na prosesa. Ukikuta virgl, njia ya kugawana kadi na mwenyeji (kompyuta halisi), grafiki tayari zinapita kwenye kadi, tatizo litafute kwingine. Kwenye QEMU na KVM, zana za kuendesha mashine pepe kwenye Linux, chanzo cha llvmpipe mara nyingi ni kidogo hadi kinaudhi: modeli ya video (kadi ya kuigizwa anayoiona mgeni) imebaki QXL badala ya virtio, kisanduku cha 3D hakijawekewa alama, au OpenGL ya SPICE (njia ya kuonyesha skrini ya mgeni) imezimwa. Na mashine pepe ikigoma kuwaka baada ya kuwasha 3D, pengine QEMU imenyimwa ruhusa ya /dev/dri/renderD128, faili la kuifikia kadi, basi.

Hata hivyo, wanaotaka kukabidhi kadi hawabwabwaji. virgl hupokea amri za OpenGL za mgeni na kuzitafsiri upya kwa mwenyeji, na tafsiri hiyo hula muda. Mgeni wa Windows ndiye anayeumia zaidi, maana draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya virtio aliyo nayo haimpi 3D. Kwa VFIO, njia ya Linux ya kumkabidhi mgeni kadi nzima, mgeni huyo anaiendesha kadi kwa draiva ya mtengenezaji, na kasi hukaribia ya kompyuta halisi. Ile hitilafu 43 iliyowatoa watu jasho nayo imepoa tangu 2021, NVIDIA ilipoacha kuzizuia kadi za GeForce ndani ya Windows pepe.

Lakini ukishaichukua njia hiyo, IOMMU (sehemu ya kompyuta inayodhibiti kumbukumbu ambayo kila kifaa kinaweza kuifikia) lazima iwashwe kwenye BIOS, na vifaa vya kundi moja la IOMMU huhama pamoja. Kadi ikiwa kundi moja na kidhibiti cha USB, kibodi yako nayo inaweza kuhamia kwa mgeni! Mwenyeji naye anahitaji kadi ya pili, la sivyo skrini yake inabaki giza.

Kwa mgeni wa Linux wa kazi za kawaida, sioni sababu ya kujitesa hivyo. Ninapolegeza msimamo ni pale mwenyeji anapotumia draiva ya NVIDIA isiyo huria: virgl imewasumbua wengi hapo, hata mipangilio yote ikiwa sawa.