Sahihi ya Dalí Si Cheti

Kila katalogi ya mnada ikitoka ni wimbo ule ule: "Salvador Dalí, litografia, sahihi kwa penseli, nakala 112/300." Yaani picha ya mchoraji huyo wa Kihispania, iliyochorwa juu ya jiwe au sahani bapa kisha ikachapwa, nakala ya 112 kati ya 300. Basi. Karatasi haitajwi, mchapishaji hatajwi, mwaka nao haumo. Na watu wananyoosha mikono!

Hiyo sahihi inathibitisha nini? Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha lori karibu na mpaka wa Andorra, wakakuta karatasi 40,000 zenye sahihi ya Dalí. Karatasi tupu. Mwenye nazo angechapa juu yake chochote alichotaka, kwa hiyo sahihi inaweza kuwa ya Dalí kweli na chapa, yaani picha iliyochapwa, ikawa takataka.

Anza na karatasi. Chapa itolewe kwenye fremu, iinuliwe mbele ya mwanga, usome alama ya maji, ile nembo ya kiwanda iliyomo ndani ya karatasi. Viwanda vya karatasi vya Arches na Rives viliongeza ile nane iliyolala (∞) kwenye alama yao mwaka 1980. Ukiiona kwenye chapa inayodaiwa kuwa ya 1968, ondoka, hata ikiambatana na vyeti vitatu vya mihuri ya dhahabu. Isipokuwepo usishangilie pia. Karatasi za zamani zilibaki nyingi, na zingeweza kuchapiwa baadaye. Halafu chukua lenzi ya mara 10. Vidoti vilivyopangwa kwa safu maana yake ni kamera na ofseti, yaani picha ya picha iliyochapwa kwa mashine kama ya magazeti. Wino wa litografia ya jiwe huacha chembe zisizo na mpangilio. Chapa ya sahani ya shaba huacha ubonyeo kuzunguka picha, lakini walaghai nao huubonyeza juu ya ofseti. Kwa hiyo tazama mistari yenyewe kwa mwanga wa pembeni: wino wa shaba umeinuka kidogo, wa ofseti umelala bapa.

Namba? Nakala 3/300 haina ubora wowote kuliko 290/300. Na hiyo 300 mara nyingi si hesabu yote: ongeza zenye namba za Kirumi, E.A. (nakala za msanii) na H.C. (nakala zisizo za kuuzwa), ndipo ujue zilichapwa ngapi. Linganisha vipimo, kwa milimita, na katalogi ya Albert Field, aliyeorodhesha chapa za Dalí.

Si Dalí peke yake: mchoraji Magritte wa Ubelgiji alifariki 1967. Litografia iliyochapwa baada ya hapo, sahihi ikiwa imo ndani ya picha, ni kumbukumbu nzuri ya ukutani. Ilipiwe bei ya ukutani.

Haya, nikiri: wapo madalali wanaoandika "d'après" waziwazi, yaani mkono ni wa mwingine. Kosa hapo ni la mnunuzi aliyeruka neno moja.

Kingo zilizokatwa, madoa ya kahawia, karatasi iliyogandishwa kwenye kadibodi: vyote hushusha thamani. Kamisheni ya mnada anayotozwa mnunuzi nayo haijifichi: nyundo ikigonga 1,000 na kamisheni ni asilimia 25, unalipa 1,250 kabla ya kodi na usafirishaji.

Omba ripoti ya hali kwa maandishi, pamoja na picha ya mgongo na ya pembe zote nne. Wakikujibu kwamba fremu haifunguki, waachie na fremu yao.